Barua ya wazi kwa mawaziri, wakurugenzi na madiwani: shule mpya mpeni mwalimu mwanamke

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI, Kamishna wa Elimu, wakurugenzi wa halmashauri zote, na kwenu madiwani ambao mnakaa vikao na sisi kabisa,

Shikamooni wakubwa zangu.

Nianze na ombi lenyewe nisije nikawachosha. Shule mpya zinajengwa kila kona ya nchi, za msingi na sekondari, na kila ikiisha lazima ipewe jina. Naomba, tena naomba kwa heshima zote, baadhi ya hizo shule zipewe majina ya walimu wanawake waliofundisha hapohapo kijijini au katani miaka nenda rudi. Sio shule zote. Ila wilayani kwetu hakuna hata moja, na nikiuliza ndugu na marafiki wa wilaya nyingine wanakuna kichwa, wananitajia shule ya mbunge, shule ya mkuu wa mkoa, shule ya waziri, shule ya askofu, alafu wananyamaza.

Kilichonifanya niandike ni shule ya sekondari inayojengwa katani kwetu. Wananchi tumechimba msingi wenyewe, tumesomba mchanga na mawe, akinamama ndio walibeba maji toka bondeni mpaka yale maboma yakafika kwenye lenta, serikali ikaleta hela ya kumalizia na tunashukuru sana kwa hilo. Sasa imefika hatua ya jina. Majina yaliyoletwa mezani yote ni ya viongozi, wanaume watupu, na mmoja wao kwa kweli hajawahi kulala hata usiku mmoja kata hii. Kuna mama mmoja akanyanyua mkono akasema mbona hatumtaji Bi Mwalimu? Watu wakapiga makofi, lakini mwenyekiti akasema hilo tutaliangalia baadae, na mpaka leo hiyo baadae haijafika.

Huyo Bi Mwalimu nitamwelezea chini huko. Jina lake silitaji maana familia yake sijaiomba ruhusa, na barua hii haimhusu yeye peke yake. Kwanza niseme habari ya shule moja ambayo ipo, ina jina la mwalimu mwanamke, na inatosha kutuonyesha kuwa jambo hili linawezekana.

Ukitoka Dar kwa barabara ya Morogoro, ukapita Mbezi ukawa unakaribia Kibamba, kuna mahali panaitwa Luguruni. Pale kuna sekondari ya wasichana inaitwa Barbro Johansson. Watu wengi wanapita na mabasi wanaona kibao wanadhani ni jina la mfadhili fulani wa nje aliyetoa hela ya kujenga. Hapana. Barbro Johansson alikuwa mwalimu. Alizaliwa Sweden mwaka 1912, akaja Tanganyika 1946 kama mwalimu wa misheni ya Kilutheri, akapelekwa Bukoba, na huko ndiko alikojenga jina lake kwa kufundisha wasichana wa Kihaya kwenye shule ya Kashasha enzi ambazo mzazi kumpeleka binti bwenini ilikuwa ni kama kumpoteza, maana watu waliona atarudi hajui kulima, hajui kupika, na mahari yake itakuwa shida.

Sasa hapo Kashasha naomba nisimame kidogo. Ukiliingiza hilo jina kwenye intaneti leo unachopata ni habari ya kicheko. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ile walianza kucheka wakashindwa kujizuia, ikawashika wenzao, mpaka ikafika wanafunzi 95 kati ya 159 waliokuwepo, walimu wakawa hawawezi kufundisha, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana wakarudi makwao na kile kicheko kikaenda nao, kikasambaa vijiji vya Nshamba na kwingine. Watafiti walikuja kusema ni msongo wa mawazo uliowapata watu wengi kwa pamoja, watoto walikuwa na hofu na presha nyingi, nchi ndo imetoka kupata uhuru, kila mtu anatarajia makubwa toka kwao. Dunia nzima inaijua Kashasha kwa ajili hiyo, watu wanaandika makala mpaka leo. Lakini ni wangapi wanajua kwamba kulikuwa na mwalimu mwanamke aliyepambana mpaka shule yenyewe ikasimama, ikajaa wasichana, wakapatikana hata hao 159 wa kuhesabiwa? Hili linaniuma. Tukio la miezi michache limekumbukwa na dunia, ila kazi ya miaka mingi imebaki kwa waliosoma pale na watoto wao.

Na Mama Barbro, hivyo ndivyo walivyomwita, hakuishia darasani. TANU ilipokaa Tabora mwaka 1958 ikaamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, chama kilihitaji Wazungu na Waasia waliokuwa upande wa wananchi kweli, sio upande wa gavana. Mama Barbro akawa mmoja wao, akaungwa mkono na TANU, akaingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Wanawake mle ndani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, kulikuwa na Sophia Mustafa, kulikuwa na Lady Chesham, na huyu mwalimu wa Bukoba. Baada ya uhuru akachukua uraia wa hapa, hakuwa mgeni tena. Na cha kunifurahisha zaidi ni kwamba mtu ambaye alishakaa bungeni, anayefahamiana na Mwalimu Nyerere, akarudi tena shuleni! Miaka hiyohiyo ya sitini akawa mkuu wa Tabora Girls. Nani leo anatoka bungeni anarudi kuwa mkuu wa shule ya bweni, kuamka alfajiri kukagua mabweni, kugombana na wazabuni wa maharage, kusikiliza binti anayelia kwa sababu baba kafariki na hakuna nauli ya kwenda msibani? Yeye alirudi. Akafariki mwaka 1999, mwaka uleule tuliompoteza Mwalimu.

Shule ya Luguruni imetokana na Joha Trust, mfuko ulioanzishwa kwa jina lake na kusimamiwa na wanawake wa hapahapa, Profesa Anna Tibaijuka akiwa mbele yao, kwa lengo la kumpa msichana elimu bora. Angalieni hilo vizuri waheshimiwa, waliompa heshima ni wanawake wenyewe kupitia mfuko wao. Ni shule binafsi. Serikali haikuhusika kwenye kuamua lile jina. Kwahiyo mimi ninachouliza ni hiki, kama wanawake waliweza kujipanga wakamheshimu mwalimu wao kwa shule nzima, sisi wenye shule za umma maelfu kwa maelfu tunashindwa nini?

Wapo watakaosema huyo alikuwa Mzungu, alikuwa na wenzake Ulaya wa kumkumbuka. Sawa. Basi tumtaje wa kwetu. Ukiwa Kilimanjaro ukataja sekondari ya wasichana ya Weruweru, mtu wa rika la mama yangu anakujibu hapohapo, Mama Kamm. Hasemi majengo wala hasemi mlima. Maria Kamm aliishika ile shule miaka mingi na wasichana waliopita mikononi mwake wamekuwa viongozi wakubwa wa nchi hii, na mpaka kesho wakikutana wanaanza kusimuliana alivyokuwa anawafundisha kulima, kufuga, kujitegemea, kusimama wima mbele za watu. Yaani mwanamke alikuwa mkubwa mpaka watu wanamtaja yeye kabla ya shule. Sasa hao ni wale waliokuwa wakuu wa shule kubwa za kitaifa, habari zao zinafahamika. Mimi naombea zaidi wale wa chini, wa shule ya msingi ya kijijini yenye madarasa saba na choo cha matundu manne.

Ndipo nafika kwa Bi Mwalimu wetu.

Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana wa sasa hawajui hiyo ni nini kwahiyo nieleze. Mwaka 1974 lilitoka Azimio la Musoma kwamba kila mtoto aende shule, na ikatakiwa ifikapo 1977 iwe imetimia, lakini walimu hawakuwepo. Nchi ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba wenye akili nzuri, ikawaweka darasani wafundishe huku wenyewe wakifundishwa, masomo mengine kwa redio na mengine kwa vitabu vinavyotumwa kwa posta, na wakufunzi wanapita kuwakagua. Watu waliwadharau sana walimu wale, wakiitwa UPE ilikuwa ni kama tusi. Bi Mwalimu wetu aliingia hivyo akiwa binti mdogo kabisa, akafundisha mchana usiku anasoma kwa kibatari, akapata Grade C, akaenda chuo akapanda mpaka Grade A, na muda wote huo aliomba abaki darasa la kwanza. Walimu wengi darasa la kwanza wanalikimbia, na nawaelewa, watoto mia na zaidi chumba kimoja, mmoja analia, mwingine kajikojolea, mwingine hajala toka jana. Yeye alilitaka.

Alikuwa na kopo la Blue Band limejaa visoda. Kila mtoto mpya anapewa visoda kumi vyake, anaambiwa hivi ni mali yako usipoteze, na hesabu zote za mwanzo zinafanyika kwa hivyo visoda, toa vitatu, weka viwili, gawana na mwenzio. Madaftari yalikuwa shida kwahiyo kuandika tulianzia nje chini ya mwembe, anafagia mchanga kwa mkono mpaka unakuwa laini, anakushika kidole chako cha shahada mnaandika a pamoja, anafuta, mnaandika tena, anafuta, mpaka kidole kinajua njia chenyewe. Mikono yake ilikuwa na chaki mpaka kwenye kucha. Mtu akichelewa kuelewa hakumpiga, alimwambia rudi ukae karibu na mimi. Ukipita kata yetu leo ukikuta mtu wa miaka arobaini, hamsini anaandika herufi ya a yenye mkia mrefu kidogo kulia ujue huyo kapita kwake, ilikuwa ndio a yake.

Rejesta yake ya mahudhurio ndio iliyokuwa inatisha. Mtoto asipoonekana siku mbili tatu, saa tisa mchana Bi Mwalimu anavaa kanga yake juu ya gauni anaenda nyumbani kwa huyo mtoto kwa miguu. Akikuta anaumwa anakaa, akikuta anachunga ng'ombe anaongea na baba. Nawasimulia moja tu. Binti wa jirani yetu alifaulu kwenda form one, na baba yake alikuwa ameshapokea sehemu ya mahari kwa mtu mzima mwenye wake wengine. Wakati ule Sheria ya Elimu ilikuwa haijafanyiwa yale marekebisho ya 2016 yaliyoweka miaka 30 jela kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi, kwahiyo mwalimu hakuwa na adhabu kali kama hiyo ya kumtishia mtu. Alichokuwa nacho ni mdomo wake na heshima yake. Akaenda akakaa kwenye mkeka na yule mzee toka jua linazama mpaka watu wamelala, hakugomba, hakutukana, anaongea taratibu, mzee anasema nimeshakula hela ya watu, yeye anamwambia tutairudisha. Na ikarudishwa kweli, kidogokidogo, akachangisha kwa walimu wenzake na kwa wanawake wa kikundi chao cha upatu. Alafu ikaja ada, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa, na sare, na madaftari, na hilo nalo lilitoka kwenye mshahara wake ambao kila mtu anaujua mshahara wa mwalimu wa Grade A ulivyokuwa. Binti alisoma. Leo ni karani wa mahakama ya mwanzo, ndiye anayeandika mashauri ya wanawake wanaodai matunzo ya watoto, na mtoto wake wa kwanza kampa jina la Bi Mwalimu.

Waheshimiwa, hapo nimewatajia binti mmoja tu kati ya wengi. Sasa niambieni nani katika kata hii kazi yake inafanana na hiyo? Barabara imeletwa na bajeti ya serikali, zahanati imejengwa na nguvu za wananchi na serikali, ni vizuri na tunashukuru viongozi waliosimamia. Lakini aliyetufundisha kusoma karibu kata nzima, diwani mwenyewe akiwemo, ni huyu mama, na alipostaafu akiwa na miaka 60 aliagwa kwa kitenge, ndoo mbili na soda. Mambo ya kikokotoo cha pensheni leo nayaacha, hayo yana barua yake.

Kwanini jina? Wengine wataniambia mpeni cheti, mpeni mabati, jina litamsaidia nini? Mabati mpeni pia, anayahitaji. Lakini jina la shule linafanya kazi ambayo cheti hakifanyi. Fikirieni mtoto anayesoma pale, kila siku jina lile lipo kwenye kibao anapoingia getini, lipo kwenye nembo ya sweta, lipo kwenye jalada la daftari, anaimba wimbo wa shule wenye jina lile, matokeo ya NECTA yakitoka watu wanalitafuta jina lile kwenye orodha, akiomba kazi miaka kumi baadae anaandika jina lile kwenye CV na anaulizwa huyu ni nani, na anaeleza. Konda wa daladala analipiga kelele kituoni. Binti wa form one anayejua shule yake imeitwa jina la mwanamke aliyekuwa mwalimu wa kijijini, mwanamke ambaye hakuwa mke wa mkubwa wala mtoto wa mkubwa, anapata kitu kichwani ambacho hotuba ya mgeni rasmi haiwezi kumpa. Dar tuna barabara ya Bibi Titi Mohamed, na nina hakika kuna watoto wengi walioanza kuuliza Bibi Titi ni nani kwa sababu tu waliona kibao cha barabara wakiwa kwenye gari.

Na jambo lingine, ualimu siku hizi vijana wanauingia kwa kukosa pa kwenda. Ukimuuliza aliyemaliza form six unataka kuwa nani anataja vyote, mwalimu anataja mwisho au hataji kabisa. Tunasema tunaheshimu walimu, tunawaimbia kwenye sherehe, alafu ikija nafasi ya heshima ya kudumu, ambayo haina gharama hata shilingi, tunaiweka kwa mtu mwingine. Wanaona. Walimu vijana walioko kwenye shule za pembezoni, wanaolala kwenye nyumba isiyo na umeme na wanavuka mto kwenda kuchukua mshahara, wanaona kabisa nani anakumbukwa na nani anasahaulika.

Najua hoja zinazotolewa kwenye vikao vyetu, nimezisikia kwa masikio yangu. Kubwa kuliko zote ni kwamba shule ikiitwa jina la mheshimiwa basi mheshimiwa ataikumbuka, ataleta simenti, madawati, kompyuta. Wazee wetu wanaamini hivyo na siwalaumu, wamezoea kuona kitu kinakuja kwa mtu badala ya kuja kwa utaratibu. Lakini tujiulize ukweli. Madawati ya shule ya umma ni wajibu wa halmashauri na serikali, yanatakiwa yaje iwe shule inaitwa nani au nani. Mheshimiwa akihama wizara au akikosa kura, shule yenye jina lake inabaki vilevile na mabati yake yanayovuja. Wanafunzi wa zamani wa mwalimu hawahami. Wapo Dar, wapo Mwanza, wapo Dodoma, wengine wapo Oman na Uingereza, na niwaambie kitu, siku mkisema hii shule inaitwa Bi Mwalimu, grupu la WhatsApp la wanakata litachanga hela ya maabara ndani ya muda mfupi kuliko ahadi yoyote mliyowahi kuahidiwa. Mtu anachangia kwa moyo pale anapoona anamlipa aliyemshika kidole.

Wengine wanauliza kwanini mwanamke, walimu wanaume hawakufanya kazi? Walifanya, na wako wanaostahili, mpeni hata mwanaume shule moja mimi nitapiga makofi. Ila tuangalie hesabu ilivyokaa. Wanaume tayari wanayo majina mengi kwenye vibao vyetu. Darasa la kwanza na la pili, pale ambapo mtu anafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwetu huku aliyesimama mbele karibu kila siku alikuwa mwanamke. Na yeye ndiye alikuwa anatoka darasani anaenda kupika, kunyonyesha, kuchota maji, alafu anarudi kusahihisha madaftari usiku. Na yeye ndiye aliyepelekwa kuongea na binti aliyevunja ungo akiwa darasani na kuona aibu, mwalimu mkuu mwanaume angesema nini pale? Zile shule 26 za wasichana za sayansi, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, ni jambo kubwa mno, na baadhi yake zimepewa jina la Rais wetu, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na inastahili. Basi zile shule nyingine mpya za kata zinazofuata, chini ya kivuli hichohicho, ziwape nafasi wale waliowafundisha hao wasichana a na e.

Kuna wanaoogopa ugomvi. Ukimpa huyu, ukoo mwingine utasema mbona sio wa kwetu, dini nyingine itasema, kitongoji kingine kitasema. Ni kweli ugomvi unaweza kuwepo, hata jina la mlima likipendekezwa watu wanagombana. Ndio maana naomba liwekwe kwenye utaratibu badala ya kuachiwa mwenye sauti kubwa kikaoni.

Na utaratibu wenyewe sio mgumu, njia tunayo tayari. Jina linaanzia kwenye mkutano wa kijiji, linaenda kamati ya maendeleo ya kata, linafika baraza la madiwani, kisha linakuja kwenu wizarani kwenye usajili. Ninachoomba ni waraka mmoja toka TAMISEMI na Wizara ya Elimu, kurasa mbili tu zinatosha, uwaambie wakurugenzi kwamba kabla jina la shule mpya halijapitishwa, mkutano wa kijiji uulizwe wazi kama kuna mwalimu wa eneo lile anayestahili, na wanawake watajwe kwa makusudi, na muhtasari wa mkutano uonyeshe kwamba swali liliulizwa na watu walijibu nini. Mtu awe amefundisha eneo hilo muda mrefu, sifa yake ithibitishwe na waliosoma kwake na sio na kadi ya chama, na yeye au familia yake wakubali, maana kuna watu hawapendi majina yao yawekwe hadharani na hilo liheshimiwe. Na tafadhali msiseme mpaka afe. Bi Mwalimu wetu yupo, anatembea na fimbo lakini akili yake ni timamu, anakumbuka hadi mtoto gani alikuwa anakula chaki. Ana haki ya kuona kibao kwa macho yake, kukata utepe, kukaa na wanafunzi wa form one wamuulize maswali.

Na ukuta wa ofisi ya shule, pale panapowekwa picha za viongozi, pawekwe na picha yake na maelezo mafupi kwa Kiswahili kizuri, alizaliwa wapi, alianzaje, alifundisha nini, ili mwalimu mgeni akihamishiwa pale asije akaambiwa sijui, ni jina tu tulilikuta. Hilo ndilo kosa tunalofanya na majina mengi, tunaandika kibao alafu historia tunaiacha ipotee na wazee. Ile shule ya Luguruni, kila binti anayepita pale akitaka kumjua Mama Barbro anaweza kujua, maana habari zake zimeandikwa. Za walimu wetu wa UPE hazijaandikwa popote, zipo vichwani mwetu na kwenye rejesta zinazoliwa na mchwa stoo.

Mheshimiwa diwani wetu, wewe nakuambia peke yako sasa. Kikao cha baraza kinakuja, na jina la sekondari yetu litakuwa mezani. Wewe mwenyewe ulikaa chini ya ule mwembe, tunajua sote. Yule mama aliyenyanyua mkono mkutanoni bado anasubiri jibu na sisi tuliopiga makofi tunasubiri pamoja nae. Tunaomba jina la Bi Mwalimu liingizwe kwenye orodha inayopelekwa barazani, na mtusomee majina yote yaliyojadiliwa mkirudi, pamoja na sababu. Wakurugenzi wa wilaya nyingine wakisoma hapa, naombeni muulize huko kwenu nani aliwafundisha watu kusoma, mtashangaa jibu litakavyotoka haraka. Na kwenu mawaziri, ombi la ule waraka narudia kwa unyenyekevu, kabla shule za awamu hii hazijamaliza kusajiliwa zote.

Ni mimi mzazi wa wanafunzi wawili na mwanafunzi wa zamani wa darasa la kwanza la Bi Mwalimu, kwa niaba ya wenzangu wengi wa kata yetu.